Taa tatu nyeupe, hatimaye

Jana kwenye mashindano ya powerlifting, yaani kunyanyua vyuma vizito, nimenyanyua kilo 220 kwenye dedilifti (kuinua chuma kutoka sakafuni hadi usimame wima) na waamuzi wote watatu wakawasha taa nyeupe: limekubaliwa. Nililia palepale jukwaani, chaki mikononi, watu wote wakinitazama.

Kwa wasioujua mchezo wetu: kuna mitindo mitatu, skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani na kuinuka), benchi (kusukuma chuma juu ukiwa umelala chali) na dedilifti, na kila mmoja una majaribio matatu. Ukikosa yote matatu katika mmoja, huna jumla ya kilo za kushindania, siku yako imekwisha. Miaka mitatu iliyopita mimi nilitoka hivyo, kwenye skwati. Nguvu nilikuwa nazo! Ila mkunjo wa nyonga haukushuka chini ya goti. Taa nyekundu mara tatu.

Kisha mgongo ukagoma. Miezi minane sikugusa chuma kizito, na niliporudi jimu nilianza na kile chuma kitupu cha kilo 20, vijana wa juzi wakinipita na kuniita "mzee". (Nina miaka 34 jamani.) Mke wangu alikuwa akinirekodi kila Jumamosi, simu kaiegemeza kwenye ndoo, anapiga kelele: "Bado, shuka!" Hajawahi kushika hata dambeli, lakini jicho lake kali kuliko la mwamuzi.

Nikitaka kuacha namkumbuka Hellen Wawira wetu, Mkenya anayenyanyua vyuma upande wa wanamichezo wenye ulemavu, aliyerudi na shaba ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kutoka Birmingham 2022. Nikiwaza mwili wake mdogo na chuma anachosukuma, naona aibu.

Leo siwezi kuinama kufunga kamba za viatu. Chai nimeletewa kitandani.