Kutafuta maji ya kunde ndani ya chupa

Napaka hina. Ndiyo kazi yangu tangu nimalize shule, hapa Mombasa, na mtu wa kazi hii huangaliwa mikono kabla ya michoro. Kwa hiyo doa la kwanza lilipotokea kwenye kifundo cha mkono wa kulia mwaka 2019, jeupe, dogo kama mbegu ya papai, mimi nililiona siku ile ile na wateja wakaliona wiki ile ile.

Mwaka haukuisha, likawa limetambaa mgongo wa mkono mzima, likavuka mkono wa pili, likazuka kwenye kiwiko na upande wa shingo. Shangazi akasema ni mkorogo. Sijapaka mkorogo maishani mwangu, lakini shangazi akishasema kasema. Kisha siku moja kwenye kupamba, mama wa bibi harusi akauvuta mkono wa mwanawe taratibu: "Ngoja kwanza mwanangu. Dada, samahani, mikono yako ina nini?" Aliuliza kwa adabu kabisa, na adabu ile ndiyo iliyoniuma.

Daktari wa ngozi akaniambia ni mbalanga, ambayo hospitalini huitwa vitiligo. Kinga ya mwili hugeuka ikashambulia seli zinazotengeneza rangi. Haiambukizi, na si ukoma. Duniani kote humpata takriban mtu mmoja katika kila mia. Jirani yangu aliposikia akapiga kofi: "Kumbe ule wa Michael Jackson!" Naam, ule ule, alioutaja mwenyewe kwa Oprah Winfrey mwaka 1993. Daktari aliuliza pia kuhusu kazi yangu, na nilipotaja piko alitikisa kichwa. Ile piko nyeusi tunayochanganya na dawa ya nywele ina kemikali iitwayo PPD, ambayo huunguza ngozi na kwa baadhi ya watu huiondolea rangi kabisa. Hakusema ndiyo iliyoniletea. Alisema niiache, nami nikaiacha.

Nilipewa krimu, kisha nikaenda kupigwa mwanga wa matibabu mara mbili kwa wiki kwa miezi saba. Kiwiko kilijibu: vidoti vya rangi vilirudi pale vinywelea vinapotokea, kama mtu aliyenyunyiza pilipili manga juu ya wali. Mikono haikujibu. Nilikuwa nimeshaonywa, maana rangi huanzia kwenye mashina ya vinywelea, na mgongo wa mkono na vidole vina vinywelea vichache.

Basi likabaki suala la kufunika. Poda nzito za kufunikia makovu nilizijaribu. Zinafunika kweli, lakini zinaingia kwenye mikono ya buibui, zinamchafua bibi harusi, na juu ya yote zinaweka tabaka juu ya ngozi, maji yasiifikie. Mimi natawadha mara tano kwa siku. Kila udhu ni kuosha poda yote, na baada ya swala ni kuanza upya. Nilidumu wiki mbili. Hina nayo nilijaribu, si ndiyo kazi yangu? Juu ya ngozi yenye rangi hina hutoa kahawia tamu, lakini juu ya doa jeupe ilitoka nyekundu kama tofali. Watu wakadhani nimeungua.

Dada yangu anaishi Leicester, Uingereza. Yeye ndiye aliyeniambia habari za losheni ambazo Wazungu hujipaka wapate rangi ya mtu aliyetoka ufukweni bila kukaa juani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Huku kwetu watu wanajiunguza wapate weupe, huko watu wananunua weusi kwa chupa. Akasema, "Cheka, lakini wenzako wenye vitiligo huku wanaitumia." Nikaacha kucheka.

Chupa ya kwanza ilikuja na mgeni, aina ya povu, imeandikwa kwamba ni ya rangi ya wastani. Nilijipaka mikono yote kama losheni ya kawaida, asubuhi, kabla ya kwenda kazini. Jioni nilikuwa na mikono ya rangi mbili kama zamani, ila zote mbili zimesogea mbele: madoa yamekuwa ya rangi ya karoti, na ngozi nzima imekuwa nyeusi zaidi. Viganja, ambavyo sikuvinawa, vilikuwa kama vya mtu aliyemenya embe gunia zima. Nilivaa glavu siku nne.

Ilibidi nijue ninachopaka. Kinachofanya kazi humo ndani kinaitwa dihaidroksiasetoni, kwa kifupi DHA, na ni sukari. Sukari ndogo tu, ambayo ikikutana na protini za tabaka la juu kabisa la ngozi, lile la seli zilizokwisha kufa, inabadilika kuwa kahawia. Ni jamaa wa mabadiliko yale yale yanayoyapa mahamri rangi yake kwenye mafuta. Katika miaka ya 1950 huko Cincinnati, Marekani, daktari mmoja, Eva Wittgenstein, alikuwa akiwanywesha watoto wagonjwa sukari hii, akaona pale ilipowadondokea ngozini panakuwa kahawia ilhali nguo hazishiki rangi. Losheni zote hizi zimetokana na dawa ile iliyomwagika.

Nilipoelewa hivyo, mambo mengi yalinikaa sawa, kwa sababu ni tabia za hina. Hina hukolea palipo na ngozi nene, kiganjani na nyayoni. DHA vivyo hivyo, ndiyo maana viganja viliniumbua. Hina hukolea polepole, huwezi kuihukumu usiku ule ule; DHA huanza kuonekana baada ya saa mbili au tatu na huendelea kukolea mpaka siku ya pili. Na hina haitoki kwa maji, hutoka ngozi inapojichubua. Hata lile la udhu lilijibiwa hapo hapo: nilimuuliza ustadhi wetu, akaniuliza kama kuna kitu kinachobaki juu ya ngozi kikikwanguliwa. Nikamwambia hakuna, ni rangi tu. Akasema, "Basi hiyo si ndugu ya hina?"

Sasa, kuchagua. Hapa ndipo nilipopoteza muda na pesa, maana chupa moja na nauli yake ya kufika huku ni sawa na ninachopata kwa kumpaka bibi harusi miguu yote miwili.

Mimi ni maji ya kunde. Maneno yaliyo kwenye chupa, nyepesi, wastani, nyeusi sana, yamepimwa kwa ngozi ya Mzungu, hivyo "nyeusi sana" yao ni chai ya maziwa kwangu. Cha kuangalia ni kiasi cha DHA. Chupa nyingi haziandiki asilimia, lakini viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi, na DHA ikitajwa karibu na mwanzo, mara tu baada ya maji, ujue ni kali. Losheni laini huwa na asilimia 3 mpaka 5. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo cha asilimia 10 tangu 2022. Mwanzoni nilidhani nikipata kali kuliko zote nitafika haraka. La. Kali ikipakwa kwa mkupuo kwenye doa lisilo na rangi yoyote hutoka karoti. Ile ya wastani ikipakwa nyembamba usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu, hupanda ngazi kwa ngazi mpaka ikafika kwenye kahawia.

Wauzaji pia husifu losheni zenye kijani ndani yake au zambarau, eti huua wekundu na umanjano. Kwangu mimi sehemu kubwa ya hayo ni rangi ya juu tu, ile inayowekwa ili uone ulipopaka, nayo huondoka ukioga. Usiichague chupa kwa rangi ya povu lake. Iliyonisaidia kweli ni yenye DHA pamoja na sukari nyingine iitwayo eritrulosi, ambayo hufanya kazi polepole na kuvuta upande wa wekundu. Maji ya kunde yana wekundu wake kwa chini. DHA peke yake ilikuwa ikiniacha na umanjano wa mgonjwa.

Nilijaribu chupa tatu kwa pamoja, kila moja tone kwenye doa la kiwiko, nikaweka alama kwa kalamu. Kesho yake nikatoka barazani saa nne asubuhi nikaangalia kwa mwanga wa mchana. Taa ya chumbani inadanganya. Mbili zilikataa. Ya tatu mamangu alipita akasema, "Hilo doa la katikati linapona?" Nikajua ndiyo hiyo.

Kupaka kuna kazi kuliko kuchagua, na hapo nashukuru ufundi wangu. Siipaki mkono mzima tena, kwa sababu inakoleza na ngozi nzima. Napaka ndani ya doa tu, kwa brashi nyembamba ya wanja, na ukingoni napitisha uzi wa Vaseline upande wa ngozi yenye rangi ili losheni isivuke. Karibu na ukingo naipunguza, nasugua kwa ncha ya pamba, ili mpaka usionekane kama ramani. Kabla ya hapo nasugua taratibu kwa dodoki, naosha sabuni iishe kabisa, nakauka. Mafuta ya nazi siku hiyo hayagusi mkono. Losheni haipiti kwenye mafuta. Palipokunjana, kwenye viungo vya vidole na kiwiko, nagusa kidogo tu, maana hapo hunywa rangi kuliko kwingine.

Joto la Mombasa lilinipa adabu. Ukipaka mchana, jasho huchora michirizi. Napaka baada ya isha, feni mbele yangu, mikono juu ya mto, sishiki kitu kwa saa nzima. Alfajiri natawadha, na rangi imeshashika. Harufu yake usiku ni ya biskuti iliyoungua kidogo, siipendi na sijaizoea. Na chupa haikai dirishani. Moja niliiacha juu ya kabati karibu na dirisha, mwezi mmoja baadaye ikawa inatoa rangi ya matope, kwa sababu DHA huharibika kwa joto. Sasa inakaa kwenye friji nyuma ya maziwa, na mpwa wangu amekatazwa mara tatu.

Ya kupuliza kama manukato sikuitaka. DHA ni ya kupaka juu ya ngozi, si ya kuvutwa mapafuni, wala si ya midomoni au karibu na macho. Na isikudanganye kwa weusi wake: haikingi jua. Doa chini ya rangi hiyo bado halina kinga yake ya asili, na huungua upesi. Niliungua shingo siku ya Idi kwa kujiona nimepona. Sasa napaka krimu ya kukinga jua yenye namba 50 kila nikitoka, rangi iwepo isiwepo.

Shingo hudumu na rangi kama wiki nzima, kiwiko siku tano. Mikono, kwa sababu ya udhu, vyombo na kazi, siku tatu, nne nikijihurumia. Inapotoka haitoki vizuri, hubaki madoadoa, kwa hiyo nayaondoa yote kwa dodoki na mafuta kabla ya kuanza tena. Wenzangu wawili walio weusi zaidi yangu walijaribu chupa yangu wakaishia njiani. Rangi ilifika kwenye kahawia ya wastani ikagoma. Kwao poda bado ndiyo jibu.

Na ncha za vidole nimeziacha. Nilihangaika nazo miezi, kila mara zikitoka za manjano kama mtu avutaye sigara. Siku moja binti wa miaka kama tisa, mdogo wake bibi harusi, alikaa mbele yangu akaniangalia nikichora, akauliza kwa nini vidole vyangu vina kofia nyeupe. Nikamwambia ni vya kushikia koni ya hina. Akakubali, akanyoosha mkono wake.

Ijumaa nina bibi harusi Kisauni, mikono na miguu, maua madogo madogo kama atakavyo. Leo Jumanne. Nimeshasugua kwa dodoki, feni imewashwa, na chupa imetoka kwenye friji kupata joto kidogo.