Prado ya zamani kwa familia ya watu sita: hesabu tuliyoifanya kabla ya kununua

Desemba iliyopita Noah yetu ilikwama njiani kati ya Lushoto na Mtae. Mvua za vuli zilikuwa zimeulainisha udongo mwekundu wa barabara ile ya milimani, na ndani ya gari tulikuwa watu sita: mimi, mke wangu, watoto wetu watatu na mama yangu mzazi, ambaye tulikuwa tunamrudisha kijijini baada ya wiki mbili za matibabu ya magoti Dar es Salaam. Vijana wa jirani walitusukuma mara tatu. Mara ya nne gari liliteleza kuelekea upande wa bonde, na mke wangu akawashusha watoto wote akakataa katakata kurudi ndani. Mama alifika kwake jioni akiwa amepewa lifti na Land Cruiser ya mkonga iliyokuwa ikipeleka dawa zahanati. Tangu siku hiyo tumekuwa tukipima, kalamu mkononi, kama inaifaa familia ya kipato chetu kuuza Noah na kununua gari la zamani linalovuta kwa magurudumu yote manne.

Jambo la kwanza tulilolihesabu ni siku. Huwa tunakwenda kijijini mara tatu kwa mwaka, na siku za barabara mbaya kwa jumla hazizidi ishirini. Siku nyingine zote ni za shule, kazi, soko na foleni ya kutoka Goba, ambako Noah haijawahi kutuangusha. Kwa hesabu hiyo peke yake, mtu makini angebaki na gari alilonalo na kukodi la milimani anapolihitaji. Tuliulizia, tukatajiwa shilingi 250,000 kwa siku bila mafuta, yaani shilingi 1,750,000 kwa safari ya wiki moja na shilingi 5,250,000 kwa safari tatu. Fedha hizo ni nyingi, lakini sizo zilizotuondoa katika wazo la kukodi. Mama ana miaka 74, na akiugua usiku wa masika hatuna siku mbili za kuzunguka mjini tukitafuta gari.

Tuliamua kutafuta Toyota Land Cruiser Prado ya toleo la 90, iliyotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2002. Matoleo yaliyofuata yanazidi uwezo wetu, na kuagiza gari kuukuu kutoka Japani ni kujitwisha ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine, kwa hiyo tulitafuta lililokwisha kusajiliwa nchini. Bodi ya Prado hiyo imekaa juu ya chasisi inayojitegemea, nyuma ina ekseli nzima yenye springi za koili, na magurudumu yote manne huvuta wakati wote. Ukisogeza mtaimbo mdogo wa gia hadi alama ya HL, difu ya kati, yaani gia inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, hujifunga, ekseli ya mbele na ya nyuma zikalazimika kuzunguka pamoja, na gurudumu moja likiteleza kwenye tope gari halibaki pale pale likijichimbia shimo. Alama ya LL huongeza nguvu na kupunguza mwendo, na kwa maoni yangu faida yake kubwa ni wakati wa kushuka mlima, kwa kuwa injini yenyewe hulizuia gari na breki hazichemki. Kwenye lami kavu difu hiyo haifungwi kamwe, maana magurudumu hayapati nafasi ya kupishana mwendo kwenye kona na gia huumia.

Suala lililotuchukua muda mrefu kuliko yote ni injini. Namba ya chasisi iliyoandikwa kwenye kadi ya gari inakuambia unanunua nini: KZJ95 ni dizeli ya lita 3.0, RZJ95 ni petroli ya lita 2.7, VZJ95 ni petroli ya V6 ya lita 3.4, na KDJ95 ni dizeli mpya zaidi iliyoingia mwaka 2000. Madalali wote tuliokutana nao waliisifu KZJ95 kwa nguvu ya kupanda milima na kwa kula mafuta kidogo, na sifa zote mbili ni za kweli. Hata hivyo, silinda hedi ya injini hiyo, yaani sehemu ya juu inayofunika silinda, ni ya alumini, imekaa juu ya bloku ya chuma, na ikichemka vibaya hata mara moja inaweza kupasuka. Kwa jinsi tunavyoyatunza magari hapa kwetu, jambo hilo ni zito. Watu wengi hujaza maji ya bomba kwenye rejeta mwaka baada ya mwaka badala ya kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini, kutu inaziba njia za maji, na siku gari linapopanda mlima likiwa limejaa watu na mizigo, mshale wa joto unapanda nalo. Tena injini hiyo inatumia mkanda wa taimingi, unaoendesha valvu zifuatane na pistoni, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika njiani valvu hugongana na pistoni. Muuzaji asiyejua mkanda ulibadilishwa lini anakuuzia hatari hiyo pamoja na gari. Petroli ya lita 2.7 haina turbo, haina mkanda bali mnyororo, na bloku yake ni ya chuma. Udhaifu wake ni kwamba ina nguvu kidogo kwa gari la karibu tani mbili, na mlimani utapitwa na wengi.

Gari la kwanza tulilolikagua lilikuwa KZJ95 ya mwaka 1997, namba B, lililotajwa kwa shilingi milioni 17. Tulipofika tulilikuta limekwisha kuwashwa na boneti ni ya moto. Fundi wangu alilitazama kidogo tu, akaniomba turudi kesho yake alfajiri. Siku hiyo tulilikuta limepoa kabisa. Akafungua kifuniko cha rejeta, akaniambia niwashe. Mapovu yalianza kupanda mfululizo, na mpira wa juu wa rejeta ukawa mgumu kama jiwe kabla injini haijapata joto. Moshi wa ndani ya silinda ulikuwa unaingia kwenye maji. Tulimshukuru muuzaji tukaondoka. Ningewasihi wote wanaotafuta gari la aina hii wasikubali kulikagua likiwa la moto, hata kama muuzaji ni ndugu.

La pili ni RZJ95 ya mwaka 2000, namba C, kwa shilingi milioni 21. Liliwaka likiwa limepoa bila moshi wala kelele ya mnyororo, na maji ya rejeta yalikuwa safi. Dashibodi ilionyesha kilomita 148,000, ambazo sikuziamini. Nilitazama pedali ya breki iliyolika upande mmoja, usukani uliong'aa na kiti cha dereva kilichobonyea. Chini, fundi aligonga chasisi kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma akisikiliza mlio, akakuta kutu ya juu juu karibu na ekseli ya nyuma lakini hakuna tundu wala mahali palipochomelewa. Boljointi za chini za mbele, yaani viungo vinavyoshika magurudumu, zilikuwa zinacheza, na hizo hazisubiri, kwa sababu zikiachia gurudumu hulala chini ya gari likiwa katika mwendo. Matairi yalikuwa na kashata (meno ya tairi) nzuri ya kumdanganya mtu, ila ubavuni yaliandikwa 1114, maana yake yalitengenezwa wiki ya 11 ya mwaka 2014. Kwa boljointi, matairi matano ya 265/70 R16, shokapu, bushi na kulanti mpya, fundi alinipa makadirio ya shilingi 4,800,000. Tangu hapo hatukuwa tena tunazungumzia gari la milioni 21.

Usalama wa watoto ndio uliomfanya mke wangu awe mkali kuliko mimi, na alikuwa na haki. Kiti cha katikati cha safu ya pili kina mkanda wa kiunoni tu, na mmoja wa mikanda ya safu ya tatu ulikuwa umekwama kwa kutu. Gari lililoinuka kama hili hupinduka kirahisi kuliko Noah likikatishwa kona ghafla kwenye kasi, na teknolojia ya kuzuia hilo haimo ndani yake. Tumekubaliana kwamba kiti cha katikati hakitakaliwa na mtoto, mkanda uliokwama utabadilishwa kabla ya safari yoyote, hakuna mzigo mzito juu ya kibanda, na mwendo hautazidi kilomita 80 kwa saa hata Chalinze kukiwa kweupe.

Kuhusu mafuta, muuzaji aliniruhusu nijaze tanki, niende Bagamoyo na kurudi, kisha nijaze tena: kilomita 120 kwa lita 16, yaani kilomita 7.5 kwa lita, wakati Noah hunipa 11. Kwa kilomita 15,000 kwa mwaka, tofauti ni takriban lita 636. Bei hubadilika kila mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, inapotangaza, lakini tukichukua shilingi 3,000 kwa lita, ni shilingi 1,908,000 za ziada. Tumeongeza shilingi 200,000 za matengenezo kila mwezi, ziwekwe kwenye akaunti yake hata mwezi ambao gari halina tatizo.

Muuzaji ameshuka hadi shilingi milioni 19 baada ya kuona orodha ya fundi, na tumekubali. Kadi ina jina la mmiliki aliyemtangulia, kwa hiyo hatutatoa fedha mpaka huyo naye afike kutoka Morogoro atie sahihi, na umiliki uhamishwe TRA, mamlaka ya mapato, siku hiyo hiyo. Deni la faini za barabarani tumelikagua, halipo. Limebaki suala la mama, ambaye kwa magoti yale hawezi kupanda gari lililoinuka kiasi hicho. Ngazi ya pembeni ya kiasi anachokimudu ingegonga mawe ya njia ya Mtae, hivyo tutachongesha kigoda cha chuma cha kubeba ndani ya gari. Jana mjukuu wake alikipima kigoda cha jikoni anachokipanda bila maumivu, akatutumia jibu kwa simu: sentimita 28.