Nguruwe Laini Jikoni Kwangu
Kwa miaka mingi nyama ya nguruwe niliyoipika hapa Nakuru ilikuwa ngumu kama soli ya kiatu, kwa kuwa nilinunua vipande vyembamba na kuvikausha motoni kwa hofu ya minyoo ya tegu. Jumamosi iliyopita nilimwomba mwenye bucha, ambaye nyama yake hugongwa muhuri wa mkaguzi, anikatie vipande vyenye mfupa, unene wa sentimita 3, nikavilaza kwa saa 2 katika lita moja ya maji baridi yenye gramu 50 za chumvi. Nilivipangusa hadi vikakauka kabisa, kwa maana nyama yenye maji juu huchemka badala ya kukaangika, kisha nikavitia katika kikaango cha chuma kilichopata moto sawasawa. Mafuta ya pembeni yaligeuka rangi ya asali. Kipimajoto kiliposoma nyuzi 63 katikati, pasipogusa mfupa, kiwango ambacho Wizara ya Kilimo ya Marekani imekipendekeza tangu mwaka 2011 pamoja na kuipumzisha nyama dakika 3, niliviepua nikavipumzisha vivyo hivyo, ingawa mume wangu alikwisha kushika sahani. Ndani palikuwa na wekundu hafifu, na maji yake yakalowesha ugali. Sukuma wiki, nakiri, iliungua kidogo.