Siku moja na mzee wa Geita

Saa 12 asubuhi simu imeshaita mara mbili. Mteja wangu, mzee wa Geita mwenye duka la vipuri, anatafuta jengo la kupangisha la kununua huku Mwanza, na ameshavuka ziwa pale Busisi. Tangu daraja lifunguliwe mwaka 2025 watu wa ng'ambo hawasubiri tena kivuko, nami sinywi tena chai kwa raha. "Dalali, uko wapi?" Niko njiani, mzee wangu. (Natafuta soksi.)

Saa 2, Nyegezi. Ghorofa tatu, apatimenti sita, jengo la miaka ya tisini. Mwenye nyumba anataka milioni 260. Amepaka rangi mpya, upande wa barabarani tu. Mzee kaitazama, kafurahi. Mimi nikazunguka nyuma kwenye chemba. Mvua imekatika mwezi mzima, uwanja wote majani yamekauka, ila kuzunguka shimo la choo yamestawi kama mchicha. Linavuja.

Saa 3, ghorofa ya juu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Nikafungua bomba la jikoni. Likakohoa, likatoa hewa, likanyamaza. Mlangoni ndoo saba zimejaa. "Maji yanapanda saa nane usiku. Nikisikia tenki linalia, naamka." Analipa laki mbili, haijapanda miaka minne. Apatimenti nne za chini yake, vyumba vilevile, laki mbili na nusu. Hiyo elfu hamsini ndiyo bei ya kulala usiku kucha. Halafu LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni moja kwa kila apatimenti mbili, na kodi ya jengo inakatwa humohumo tangu 2021, kwa hiyo zamu yako ya kununua umeme ikifika, unamlipia mwenye nyumba kodi yake. Ugomvi hauishi, na wapangaji hawakai.

Saa 5, hesabu juu ya boneti. Kwa mwezi milioni 1.4, kwa mwaka 16.8. Apatimenti mbili za chini zina wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT. Chuo kikifungwa mwezi wa saba zinakaa tupu miezi mitatu, toa 1.5. Toa kodi ya zuio ya pango, asilimia 10. Toa mafundi, pampu, gari la kunyonya choo. Ikabaki kama milioni 12. Milioni 260 itarudi baada ya miaka 21 na ushee.

"Lakini reli ya SGR inakuja," mzee akasema. Ikija inaweza kupandisha bei ya kiwanja. Maji ya ghorofa ya juu haitayapandisha.

Saa 7, ugali na sato. Mzee hakuongea.

Saa 9, Luchelele, jengo jingine, ziwa lile pale. Ukutani kuna mstari wa unyevu wa 2024, maji yalipojaa. Nikapiga hatua kutoka ufukweni; hazikufika mita 60 zinazotakiwa na sheria ya mazingira ya 2004. Hatukuingia hata ndani.

Saa 10, tumerudi Nyegezi, mwenye nyumba kaleta nakala ya hati ya kiwanja. Mzee akasoma jina. Mimi nikasoma tarehe: miaka 33 kuanzia 1996. Inaisha 2029. Tena ni hati moja ya jengo zima. Bila kuligawa kwa ile sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo, huwezi kumuuzia mtu apatimenti moja ukishikwa na shida. Lazima umpate wa kununua zote sita kwa mpigo. Naye akienda benki, nani atampa mkopo wa miaka 15 kwa hati iliyobakiza mitatu?

"Inahuishwa tu hiyo," mwenye nyumba akasema.

Kweli, inahuishwa. Nikamwambia basi aihuishe yeye kwanza. Mzee akakohoa, akataja milioni 170. Mwenye nyumba akacheka, akakunja karatasi yake akaondoka.

Saa 1 usiku mzee kanitumia elfu ishirini ya usumbufu. Siku nzima, mafuta yangu.

Saa 3 usiku, simu. Mwenye nyumba. "Dalali, yule mzee wako, hawezi kusogea kidogo?"

Nikamuuliza kwanza kuhusu lile shimo.