Yule hakuwa wewe

"Nilisema nini?"

"Hukusema kitu."

"Baba Neema, nilisema. Niambie."

"Yule hakuwa wewe. Lala."

Basi, ni hayo tu. Yana wiki tatu sasa na bado nayasikia: nikipiga mswaki, nikisahihisha madaftari ya darasa la tatu, nikiwa nimesimama kwenye daladala ya Nala asubuhi. Wiki hii mwalimu mkuu wetu kahamishwa na mdogo wangu kajifungua mapacha salama, lakini kichwani mwangu limejaa neno moja tu. Yule. Kama mtu baki aliyepita chumbani kwetu usiku akaondoka zake.

Ilikuwa usiku wa siku ile tuliyohamia nyumba hii. Nilibeba maboksi tangu asubuhi, jioni nikachoma insulini kipimo kilekile cha siku zote, nikala ugali kidogo kwa uchovu, nikalala. Nina miaka 15 nikiishi na kisukari aina ya kwanza. Najua kabisa kwamba kazi nzito ya mchana inaweza kuishusha sukari usiku, saa nyingi baada ya kupumzika, maana misuli inakuwa bado inavuta sukari kurudisha akiba yake. Najua, na sikupunguza hata yuniti moja. Hilo nalo linaniuma kivyake.

Saa nane usiku mashine ya kupima sukari ilisoma 2.1, chini mno. Namba naijua kwa kuwa mashine inatunza kumbukumbu. Mimi sikutunza kitu. Nakumbuka kikombe cha bati kikigonga meno, maji ya sukari yakinimwagikia shingoni, mkono wangu ukikisukuma kikombe. Baada ya robo saa 3.3, kikombe kingine, kisha 5.0, kipande cha mkate, na mimi ndiyo narudi kidogokidogo, kanga imelowa, nasikia baridi.

Sukari ikishuka namna ile, ubongo unakosa chakula chake. Kuna anayelia, kuna anayecheka, kuna anayetukana. Mimi nimeshapita kote huko. Zamani, kukicha, Baba Neema alikuwa ananisimulia: nilivyokataa juisi nikidai ni ya wageni, nilivyomwamkia shikamoo nikidhani ni mwalimu wangu wa sekondari. Tunacheka wote wawili. Safari hii hasimulii.

Na kesho yake, kabla hajatoka kwenda kazini, nilimsikia uani akiongea na mama yake kwenye simu. Alimwambia asije kwanza mwezi huu, nyumba bado ina vumbi.

Vumbi! Mama mkwe ni mtu wa Singida, vumbi amezaliwa nalo. Kwa hiyo nahisi nilimtaja yeye. Mnaonisoma siku nyingi mnalijua lile neno aliloniambia mwaka wa harusi yetu, kuhusu kuoa mwanamke wa sindano. Nililimeza. Mwanawe sikuwahi kumwambia. Miaka tisa nimempikia, nimemkanda miguu yake, na Mungu ni shahidi, nimempenda, naye amenipenda. Alikaa na mimi hospitali Neema alipozaliwa, hakulala. Nilidhani neno lile limeshaoza huko tumboni. Sasa nawaza kwamba lilikuwa limekaa tu, linasubiri usiku ambao mlango hauna mlinzi. Mume wangu alitaka kunipoza aliposema yule hakuwa mimi. Lakini kama ni neno langu, kwa sauti yangu, na ni kweli lilitokea, yule alikuwa nani?

Kliniki nilimweleza nesi kila kitu isipokuwa hilo. Yeye hakutishwa na 2.1 kama alivyotishwa na kwamba sikuamka. Miaka ya nyuma, ikienda chini ya 3.9 tu, mwili wangu ulikuwa unapiga kelele: jasho, mikono kutetemeka, moyo mbio, njaa ya ajabu. Ila tangu Januari nashuka mara tatu, mara nne kwa wiki, na mwili ukishushwashushwa unazoea, unanyamaza. Mtu anafika chini kabisa bila taarifa. Nesi akasema nikikaa majuma kadhaa bila kushuka, zile dalili zinaweza kurudi. Daktari akapunguza insulini ya jioni. Nikawa nalala na 8 au 9, naweka alamu saa nane usiku nijitoboe kidole, na stripu za kupimia zinakwisha kama karanga za mtoto. Bei yake hata siandiki.

Alhamisi, kipindi cha tatu, niko ubaoni na hesabu za kugawanya, chaki ikaanza kutetemeka. Nikaitazama. Asubuhi ilikuwa ya ubaridi, upepo wa Mei unapiga madirisha, na mimi jasho linanitoka juu ya mdomo. Nikapima: 3.6.

Nilikaa kwenye kiti, nikalamba glukosi yangu, machozi yakanitoka mbele ya darasa zima. Furaha tupu. Jasho! Tangu mwaka uanze sikuwa nimeliona. Mtoto mmoja wa dawati la mbele akaniletea chupa yake ya maji bila kuambiwa, akarudi kukaa.

Jioni nilimwambia Baba Neema mlangoni, hata viatu hajavua. Akaomba mashine. Akaisoma namba, akaisoma tena.

"Mikono ilitetemeka kweli?"

"Ilitetemeka. Chaki ilianguka."

"Na jasho?"

"Na jasho."

Akaenda bafuni, akafungulia maji, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akaniambia mama yake atakuja mwisho wa mwezi, nimnunulie mlenda mkavu anaoupenda, wa soko la Majengo. Swali lilinifika kwenye ulimi. Nikamwekea chakula.

Sasa ni usiku, nimepima, ni 8.4, ningelala. Ila mama yangu kapiga simu kutoka Mvumi: kweleakwelea wameingia kwenye uwele, na yuko peke yake na debe lake tangu alfajiri anaamia ndege, sauti imemkauka. Uwele ulibaki wiki moja tu uvunwe. Basi la kwanza kesho sijui kama litakuwa na nafasi.