Stata inayolia "tak" bila kuzungusha injini

Ukiwasha gari usikie "tak" moja tu na taa za dashibodi hazififii, usikimbilie kununua betri. Yangu ilipima volti 12.6, nzima kabisa. Shida ilikuwa kwenye stata, ile mota inayozungusha injini hadi iwake.

Kwa muda niliigonga kwa mpini wa spana huku mwenzangu akishikilia ufunguo, na ikashika. Gia iwe huru, hendibreki juu, mikono mbali na mikanda. Gari la gia za mkono pia husukumwa, ukaachia klachi kwenye gia ya pili, lakini kwenye foleni ya Thika Road si njia ya kutegemea.

Dawa yenyewe imo ndani ya solenoidi, swichi ya umeme iliyoshikana na stata. Toa kwanza waya hasi wa betri, maana ule waya mnene wa stata una umeme wakati wote. Nilipofungua kifuniko, kimoja cha vipande viwili vya shaba vinavyopitisha umeme kwenda kwenye mota kilikuwa cheusi, kimelika upande mmoja hadi kubaki chembamba kama ukucha. Sahani ya plunja, ile fimbo inayovutwa na solenoidi ili kuviunganisha, haikuweza kuvigusa vyote kwa pamoja. Nilipata vipya kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi, nikasugua sahani kwa msasa laini. Badilisha vyote viwili. Visipolingana kimo, "tak" inarudi.