Ukocha wa mieleka sekondari Iowa: jinsi nilivyojaza timu na kuilinda

Mashindano ya wavulana ya timu kwa timu hapa Iowa, jimbo la Marekani, yana nafasi 14 za uzito, kuanzia paundi 106 (kama kilo 48) hadi paundi 285 (kama kilo 129). Nafasi isiyo na mtu huwapa wapinzani pointi 6 za bure, sawa kabisa na kumlaza mtu mabega chini. Ukija na nafasi tatu tupu, una deni la pointi 18 kabla filimbi haijapulizwa. Ndiyo maana, miaka yote ya ukocha wangu, kila Novemba nilianza kwa kuuliza nani atasimama kwenye 106 na nani kwenye 285. Bingwa hujitokeza mwenyewe. Hao wengine hutafutwa.

Kwa uzito mkubwa nawafuata vijana wa futiboli ya Kimarekani wanaocheza mstari wa mbele, kwa sababu msimu wao unaisha wakati wetu unaanza. Kwa uzito mdogo naanzia shule ya kati, kabla mtoto hajaingia darasa la tisa. Kisha naenda kwa wazazi. Iowa ina familia nyingi za Kikongo zinazozungumza Kiswahili, na mieleka ambayo wengi wameiona ni ile ya televisheni, ya kupigana viti. Nakaa na baba na mama sebuleni kwao na kuwaeleza mwenyewe, kwa sababu mtoto akiachiwa kazi ya ukalimani husema yale anayoyataka. Nawaambia hakuna ngumi, hakuna teke, hakuna kabali ya koo, na ukimnyanyua mwenzako juu ni wajibu wako kumrudisha chini salama. Ukimtupa vibaya unaadhibiwa. Wazazi wa binti huuliza kuhusu ile nguo inayobana mwili. Sheria inaruhusu fulana na kaptura, na suala hilo huisha hapo. Mieleka ya wasichana ilipata hadhi rasmi Iowa msimu wa 2022–23, kwa hiyo binti sasa ana mashindano yake ya jimbo. Fomu ya uchunguzi wa daktari ishughulikiwe Oktoba, maana bila hiyo mtoto hakanyagi mkeka hata siku ya kwanza ya mazoezi.

Sasa hesabu ambayo makocha wapya huipuuza. Ukimlaza mpinzani, timu inapata 6. Ukimzidi kwa pointi 15, pambano linasimamishwa na timu inapata 5. Ukimzidi kwa pointi 8 hadi 14, timu inapata 4. Chini ya hapo, 3. Kwa hiyo mgeni wa mchezo anayeshindwa kwa pointi tano bila kulazwa ameiokolea timu pointi 3. Wageni wanne wa namna hiyo ni pointi 12, na mechi nyingi huamuliwa kwa chini ya hapo. Ndiyo sababu somo langu la kwanza ni namna ya kutolazwa.

Kulazwa maana yake ni mabega yote mawili kushikiliwa mkekani kwa sekunde 2. Njia ya kawaida ya kumgeuza mgeni ni mkono unaopita chini ya kwapa lake na kukamata kisogo. Nawafundisha kuukata mapema: inua kichwa, geuza uso upande mwingine, shusha kiwiko ubavuni kabla mkono haujafika shingoni. Ukichelewa ukajikuta chali, vuta visigino karibu na makalio, inua kiuno kama daraja, kisha geukia kifua cha mpinzani huku ukipenyeza kiwiko katikati yenu hadi tumbo likutane na mkeka. Kosa kubwa ni kugeukia upande wa kumkimbia: unamsaidia amalize kazi. Kosa la pili ni kupiga daraja mara moja na kupumzika. Daraja hilo tunalifanyia mazoezi kwa sekunde 30, mwenzako akiwa juu kwa uzito wake wote, kila siku.

Ukiwa chini, cha kwanza ni mikono yake iliyo kiunoni mwako. Kamata vidole vyote vinne kwa pamoja. Kukunja kidole kimoja, viwili au vitatu ni kosa, na refa ataliona. Simama ukiwa na mgongo wima, kiuno mbele, kisha jinasue mikononi mwake. Ukisimama umeinama utarudishwa chini. Kutoroka ni pointi 1, kumgeuzia kibao mpinzani ni 2, na kuangusha ni 3 tangu msimu wa 2024–25; zamani ilikuwa 2. Kwa kuangusha, mwaka wa kwanza natoa njia moja tu, kukamata mguu mmoja, kichwa kikiwa juu na ndani. Kichwa kikiinama kinavutwa chini, na mtoto anajikuta amefungwa shingo na mkono.

Uzito una hatari yake. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walifariki wakijikausha maji ili wapungue, na sheria zikakazwa. Leo mkojo hupimwa kwanza; kipimo cha uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji kikizidi 1.025, mtoto hajanywa maji ya kutosha, anarudi siku nyingine. Kisha hupimwa mafuta ya mwili: mvulana haruhusiwi kushuka chini ya asilimia 7, msichana 12. Chukua mvulana wa paundi 150 mwenye mafuta asilimia 12. Mwili usio na mafuta ni paundi 132. Gawa kwa 0.93 (mia toa ile asilimia 7), unapata karibu 142. Anaweza kupigana kwenye nafasi ya 144, kwenye ya 138 hapana, hata akilia. Na asipungue zaidi ya asilimia 1.5 kwa wiki, yaani paundi 2 na kidogo, kwa hiyo ahesabu wiki tatu. Nyumbani naomba uji asubuhi usiachwe, maharage yabaki palepale, na tonge za ugali wa usiku zipunguzwe nusu. Mtoto anayelala njaa huchoka raundi ya pili.

Ngozi ndiyo huiua timu Januari. Mkeka unadekiwa kila siku kwa robo kikombe cha jiki kwenye galoni moja ya maji, iliyochanganywa siku hiyohiyo kwa sababu ya jana imeshapungua nguvu, na inaachwa ikae dakika 10. Viatu vya nje havipandi mkekani. Kucha fupi, nguo za mazoezi zifuliwe kila siku, kuoga mara baada ya mazoezi. Choa cha mwilini kinahitaji angalau saa 72 za dawa kabla ya kurudi, cha kichwani siku 14, na fomu ya daktari juu yake. Msipake krimu zenye steroidi: wekundu unafifia, choa kinaenea chini kwa chini, na wiki mbili baadaye nusu ya timu inacho. Malengelenge madogo yaliyojikusanya pamoja usoni au shingoni huenda ni hapesi, ugonjwa wa virusi unaoambukiza. Mtoto huyo anatolewa mkekani dakika ileile, hata kama ndiye wangu wa pekee wa 285 na pointi 6 zinaondoka naye.